Kamera Ilikuwa Kwake

Sura ya Saba

Sauti ya mwanangu Esperansi niliisikia kwenye simu ya jirani kabla sijaisikia mdomoni mwake. Ilikuwa Jumatano, niko uani kwetu Ulyankulu nachambua majani ya tumbaku, Leonia akaja mbio na simu mkononi, kitenge kinamdondoka.

"Mama Espe, hebu sikiliza. Huyu siyo Espe wako?"

Alikuwa yeye. Tulimpeleka Tabora mjini kusomea ualimu, mimi najua yuko darasani na vitabu. Kumbe yuko kwenye simu za watu, anabishana na mwanamume juu ya sinema.

"Wewe unasifia mvua ilivyopigwa picha," Espe alikuwa anasema. "Mimi nilikuwa namwangalia yule mama aliyenyimwa kiti. Kasimama pale mlangoni mpaka mwisho, na wewe hukumwona."

"Nilimwona."

"Muongo. Alijifunga kitambaa cha rangi gani?"

Mwanamume akasema polepole, "Basi nitaitazama tena. Lakini ukae pembeni yangu unionyeshe."

Espe akacheka.

Wasichana mnaosoma haya, mimi ni mama wa darasa la saba, sijui kupamba maneno. Lakini kicheko kile nakijua. Hakuna mtu anayeichekea sinema namna ile. Mimi mwenyewe nilikicheka miaka ishirini na minne iliyopita, na mpaka leo kinanitokea puani.

Jioni ile mume wangu Egidi alisikiliza mara moja tu. Hakupandisha sauti, huwa hapandishi. Kaka yake Justini ndiye aliyepandisha kwa niaba yake.

"Eti anachambua sinema! Sisi huku mikono imekuwa myeusi kwa tumbaku, yeye yuko mjini anachambua watu waliokwisha kuigizwa. Na huyo kijana ana shamba?"

"Wanasema ana ukumbi karibu na stesheni," nikajibu. "Kila Jumamosi saa tisa anaonyesha sinema ambazo watu walizipuuza. Halafu wanazijadili."

"Zilipuuzwa kwa sababu ni mbaya!"

Egidi akatikisa kichwa. "Mama Espe, nenda wewe kamlete. Mimi nikienda nitasema neno ambalo halitarudi."

Nikakubali haraka. Justini akadhani ni utii. Haukuwa utii, ulikuwa woga, na woga wangu una jina. Unaitwa Anselm.

Nilikuwa na miaka kumi na minane, nakaa kwa shangazi Kaliua. Wakaja vijana wanne na kamera moja, wanatengeneza sinema juu ya njia ile ya zamani ya misafara, ile ambayo mababu wa Kinyamwezi waliipita na mizigo kichwani kwenda pwani. Mpagazi anaoa, kesho yake anaondoka na msafara, mke anamngoja mpaka anakufa, na hata akishakufa kivuli chake kinaendelea kusimama njiani. Ndiyo sinema yenyewe. Walikosa bibi harusi. Anselm, ambaye alikuwa mpagazi, akanitazama pale kisimani, ndoo iko kichwani, akawaambia wenzake, "Tumekosa nini? Si huyu hapa."

Yale macho. Jamani, yale macho. Alikuwa akikutazama unajiona umeanza kuishi siku ile.

Harusi waliipiga picha ndani ya kanisa la kigango, mchana. Mwalimu Anton, katekista wetu, ndiye aliyeigiza padre. Nilivaa gauni la shangazi. Mbele ya altare nikasema maneno yote: mimi Marsiana nakupokea wewe, katika taabu na raha, katika magonjwa na afya. Na Anselm akasema yake. Nilimsikia. Sauti yake ilitetemeka kidogo kwenye neno "magonjwa". Nikajiambia, mtu haigizi hivi. Mungu hajui neno sinema. Ameshasikia.

Siku ya tatu Anselm akapanda treni kwenda Dar es Salaam kuitafutia sinema mnunuzi. Alisema atarudi kabla mahindi hayajatoa ndevu. Mahindi yalitoa ndevu, yakakauka, yakavunwa. Miaka mitatu nilikuwa nikienda stesheni ya Kaliua kila treni ya Dar inapofika, nasimama, narudi. Nikawa kivuli kabla ya kufa.

Baadaye nikaolewa na Egidi, kanisani, mbele ya padre wa kweli. Na tangu siku ile sijakomunika. Wenzangu wanapanga mstari kupokea Ekaristi, mimi nabaki kwenye benchi nimeinamisha kichwa, kwa sababu nilijijua kuwa mke wa mtu mwingine. Kuungama niliogopa, padre angeniambia niache ndoa, na Espe nilikuwa nimeshamzaa. Wanawake wa jumuiya walinong'ona mpaka wakachoka. Egidi hakuniuliza hata siku moja. Ile sauti ikawa inanijia nikiteka maji, nikichochea ugali, nikimnyonyesha mtoto. "Katika magonjwa na afya." Na ule mtetemo wake.

Basi sasa unielewe kwa nini Jumamosi niliamka alfajiri kwenda kumtoa mwanangu kwa mtu wa sinema.

Ukumbi haukuwa mgumu kuupata. Wamefunika madirisha kwa mablanketi, nje jua kali la saa tisa, ndani giza kama usiku. Kijana akanifungulia mlango. Mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Namtafuta Esperansi."

Akaniangalia usoni, akashtuka kidogo, kama mtu aliyekutana na sura anayoijua. "Mimi ni Masolwa, Mama. Karibu. Yuko mbele pale."

Espe akageuka. Nilivyomwona alivyogeuka! Kwanza alimtazama Masolwa, halafu ndipo akaniona mimi. Msichana akimtazama mwanamume kabla ya mama yake, mama ameshachelewa.

"Mama! Umekuja na nani? Baba anaumwa?"

"Baba mzima. Chukua mkoba wako twende."

"Mama, nakuomba. Tunaanza sasa hivi. Ikiisha tutaongea, nakuapia."

"Hapa nimekuja kuongea, siyo kutazama."

"Mwache mtoto atazame, mama," akasema mzee mmoja kwenye benchi, mstaafu wa reli, wanamwita Mzee Lugembe. "Huyu bila yeye sisi hatuoni kitu. Tuna macho lakini yeye ndiye anayetuonyesha."

Watu wakacheka. Nikakaa benchi la nyuma, mkoba mapajani, miguu imeelekea mlangoni.

Masolwa akasimama mbele ya kitambaa cheupe, simu yake imewekwa kwenye kigoda inarekodi, ndivyo wanavyofanya ili mjadala usambae. "Jamani, ya leo hamjawahi kuisikia. Hata mimi sijaimaliza. Fundi Issa aliikuta Kaliua ndani ya boksi la redio mbovu. Haijaonyeshwa popote. Juu ya kanda kuna maneno mawili tu ya kalamu: Bibi Njiani."

Niliposikia jina lile nikajua ndiyo ile sinema yetu. Nilitaka kuinuka. Nikaubana mkoba mapajani.

Picha ikaanza na mistari mistari, kisha ikatulia. Barabara ya vumbi. Wapagazi wamejitwika vifurushi. Mzee Lugembe akapiga kelele, "Mpagazi wa enzi za babu, kavaa saa ya mkononi!" Ukumbi wote ukavunjika mbavu. Fundi Issa akasema labda Mwarabu alimkopesha. Wakacheka tena. Na mimi pale nyuma nikamwona Anselm, kijana yule yule, hajazeeka hata siku moja. Waliokuacha huwa hawazeeki. Wewe ndiye unayezeeka.

Kisha nikaja mimi, na ndoo.

Kicheko kikakatika. Halafu Issa akasema, taratibu, "Espe, mbona umeigiza kabla hujazaliwa?"

Mwanangu aligeuza kichwa, akanitafuta gizani mpaka akanipata. Mwanga wa picha ulikuwa unamchezea usoni, uso wangu uko ukutani na uso wangu uko kwake, na mimi katikati sina uso. Niliona pia kitu kingine, na naomba mkikumbuke: Masolwa alinyoosha mkono akaizima simu iliyokuwa inarekodi. Hakuna aliyemwambia.

"Nisimamishe, Mama?" akauliza.

Nilitaka kusema ndiyo. Lakini miaka ishirini na minne nilikuwa nikiisikia sauti ile. Nikataka kuisikia mara moja tu kwa masikio.

"Acha iende."

Ikaja harusi. Kanisa letu, Mwalimu Anton na kanzu inayomzidi urefu. Kamera ikanijia usoni. Nikajiona nikisema, "Mimi Marsiana nakupokea wewe," machozi yananitoka, na mle ukumbini nikasikia mtu akivuta makamasi. Nikamaliza. Nikakaza masikio. Sasa. Sasa anasema.

Picha ikaonyesha mikono inavishana pete. Kisha mlango wa kanisa. Kisha vigelegele.

"Ngoja," Espe akasema. "Rudisha."

"Nini?" Masolwa akauliza.

"Bwana harusi hakusema kitu. Rudisha nyuma."

Akarudisha. Nikasema maneno yangu tena, nikalia tena. Mikono, pete, mlango.

"Ni kosa la mwongozaji," Masolwa akasema. "Wamekata vibaya."

"Hawajakata. Angalia mshumaa pale nyuma yake, haurukiruki. Ni picha moja inakwenda. Rudisha tena, na usimwangalie dada, mwangalie yeye pembeni. Mtazame mdomo."

Akarudisha mara ya tatu. Anselm alikuwa pembeni ya picha, nusu uso. Mwalimu Anton alimgeukia, akangoja. Anselm alinitazama kwa yale macho yake, akatabasamu, akachukua pete. Mdomo haukufunguka. Haukufunguka hata kidogo.

Ule mtetemo kwenye neno "magonjwa" nilikuwa nimemwazima mimi. Sauti yote niliitengeneza mwenyewe, nikaiweka kinywani mwake, nikaishi nayo.

"Kama ni uigizaji," Espe akasema, sauti yake imebadilika, "basi aliigiza mmoja tu. Dada yule hakuwa anaigiza."

"Wamesahau kuzima kamera," Mzee Lugembe akasema. "Sikilizeni."

Kweli, baada ya vigelegele picha ilikuwa bado inakwenda, imelala upande, inaonyesha sakafu na viatu. Sauti ya Mwalimu Anton, Mungu amrehemu: "Anselm, mbona hukusema yako?"

Na Anselm, anacheka, cheko jepesi la kijana mwenye safari: "Ya nini, Mwalimu? Kamera ilikuwa kwake."

Kanda ikaishia hapo.

Hakuna aliyejadili siku ile. Mzee Lugembe alivaa kofia, akanipitia, akasema "pole, mama," akatoka. Issa akamfuata. Tukabaki watatu, mablanketi madirishani, vumbi linaelea kwenye mwanga wa mashine.

Espe akaja akapiga magoti mbele yangu. "Mama. Ndiyo maana hukomuniki?"

"Nani alikuambia sikomuniki?"

"Mama, nina macho. Tangu nikiwa mdogo nakaa na wewe kwenye benchi."

Nilimshika kichwa, nikakilaza mapajani kama zamani. Kisha nikamtazama yule kijana aliyekuwa amesimama mbali, mikono hajui aiweke wapi.

"Wewe. Njoo hapa."

Akaja.

"Watu wote wilayani kwetu wanaisikia sauti yako kwenye simu. Unajua kusema juu ya mvua, juu ya mama aliyenyimwa kiti. Sasa hapa hakuna simu, hakuna kamera. Kwa binti yangu unasema nini?"

Akafungua mdomo, akafunga. Nikahesabu pumzi zake. Espe alikuwa ameinua kichwa, na niliona hamtazami macho. Alikuwa anamtazama mdomo.

"Mama," akasema mwisho, "mbele ya watu mimi naongea sana. Hapa naogopa."

"Ogopa. Lakini sema."

"Nampenda Esperansi. Nataka kumwoa akimaliza chuo. Baba yangu yuko Igunga, mfugaji, hajawahi hata kuingia ukumbini humu. Jumapili ya wiki ijayo nitamleta Ulyankulu, mimi na yeye na baba yangu mdogo, tuje tumwone Baba Espe. Kwa miguu yetu. Siyo kwa simu."

"Na mimi siulizwi?" Espe akasema, anafuta machozi.

"Wewe kicheko chako nimeshakisikia kwa Leonia."

Akaficha uso. Masolwa akajaribu kutabasamu, nikamkatiza. "Usitabasamu. Sijakubali. Nimekusikia tu, na baba yake ndiye atakayejibu. Usipokuja hiyo Jumapili, nitajua, na yeye atajua, na hatutasimama stesheni kukungoja."

"Nitakuja, Mama. Na hii kanda? Niifute?"

Nikaitazama, kitu kidogo hivi, kinaenea kiganjani. "Iache. Siku wakija wasichana wengi, waonyeshe. Waambie watazame mdomo."

Nilikuwa nimekuja kumchukua mwanangu. Niliondoka na mkoba wangu peke yangu.

Nililala Tabora; Jumapili jioni, jua linazama, nikamkuta Egidi uani, amekaa kwenye gunia, anapanga majani ya tumbaku kwa madaraja, marefu huku, yaliyotoboka kule. Alitazama nyuma yangu, akaona njia tupu.

"Yuko wapi?"

"Amebaki. Jumapili ijayo tuna wageni kutoka Igunga."

"Wageni wa nini?"

"Wa kusema." Nikakaa chini karibu naye. "Baba Espe, siku ya harusi yetu ulisema maneno yako?"

Akasimamisha mkono. "Maneno gani?"

"Ya kanisani."

"Sasa ningeoaje bila kuyasema?"

"Yaseme."

"Hapa? Na tumbaku?"

"Hapa."

Egidi si mtu wa kuuliza mara mbili. Hajaniuliza miaka yote kwa nini nabaki kwenye benchi, na siku ile pia hakuuliza. Akaweka jani chini, akafuta mikono kwenye suruali, akatazama mbele kama aliyeitwa ubaoni. "Mimi Egidi nakupokea wewe Marsiana uwe mke wangu. Naahidi kuwa mwaminifu kwako katika raha... hapana. Katika taabu na raha. Katika magonjwa na afya."

Nilimtazama mdomo. Ulikuwa umekauka kwa vumbi la tumbaku, una pengo la jino pembeni, na ulikuwa unafunguka na kufunga kwa kila neno. Siku ya harusi yetu sikumsikia, jamani. Alisema yote haya na mimi nilikuwa namsikiliza mtu ambaye hakuwepo. Hata sasa, nyuma ya sikio, yule mwingine alikuwa anasema naye pamoja, kwa ule mtetemo wake wa kuazima.

"Kuna nini, Mama Espe? Unalia?"

"Rudia."

"Giza linaingia, majani haya..."

"Rudia, Baba Espe."

Akanitazama. Akarudia, bila kukosea safari hii. Nikamwomba tena. Mara ya tatu alisema polepole, akiniangalia mimi na siyo mbele, na alipofika kwenye "magonjwa" nikakaza sikio kumsikia yule mwingine. Alikuwepo bado. Lakini alichelewa; Egidi alikuwa ameshamaliza neno.